Ndengu za Mbegu

Mombasa, Jumanne usiku, mwezi wa kumi 1934

Nimezipika. Ee Mungu, nisamehe.

Kaka yangu alizileta leo kutoka kijijini kwetu Tulia, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Kwetu Ukambani hata mtoto anajua kwamba ndengu zenye majivu ni za kupanda.

"Mvua imekaribia, dada," alisema. "Msipolima msimu huu, wazee watampa mtu mwingine shamba lenu."

Nilifurahi mno. Tangu kiwanda cha sabuni kifungwe, mtaa huu wa wafanyakazi umebaki mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari. Hata mchicha unakataa kuota hapa.

Jioni mume wangu, Baba Mutua, akarudi kutoka langoni pa kiwanda, anapokaa kila siku akingoja kuitwa kazini. Akayaona majivu.

"Osha, upike."

"Baba Mutua, hizi ni mbegu!"

"Najua ni mbegu. Lakini nikiondoka leo, kesho watafungua."

Miaka miwili nimeingoja hiyo kesho yake.

Nilipopakua, aliomba kwa muda mrefu, akamshukuru Mungu kwa chakula. Mimi sikuweza kusema amina.