Vipande vya Plastiki Ulivyotuletea

Ole, Pemba
7 Mei 1960

Mpendwa mdogo wangu Soud,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Uingereza? Kifua kimepoa? Sisi wazima. Mama mguu umeacha kumsumbua, sasa anatugombeza nyumba nzima.

Barua yako nilimsomea mara tatu. Kumbe plastiki ya vinili kwa asili yake ni ngumu, na wewe unailainisha kwa dawa uliyoitengeneza kwa tindikali za mafuta ya mbarika! Mibarika hii hii inayojiotea nyuma ya choo chetu! Nimekusifu kwa kila anayepita njiani, mpaka watu wamenichoka.

Sasa majibu ya jaribio, maana umesema wakubwa wako wa kiwandani wanayangoja waamue kama dawa yako iendelee au iachwe. Vile vipande viwili ulivyotuachia, chenye dawa yao na chenye dawa yako, tulivitandaza juu ya banda la kuku, miezi minane ya jua na mvua. Kile chenye dawa yao ya zamani kimekakamaa na kupasuka. Chako laini vile vile.

Nilikwisha kukuandikia hayo, na bahasha nimeifunga, ndipo nikamkuta Mama kasimama juu ya kigoda anakipaka chako mafuta ya nazi. Kumbe ndiyo kazi yake kila Ijumaa! Nilipiga kelele. Akanijibu, "Ntoto wangu kakitoa mbali, niwache kikauke miye nikitazama?"

Bahasha niliichana. Nililia, Soud, sikufichi. Jaribio limeharibika, na kukudanganya siwezi.

Mume wangu Jecha aliposikia akacheka, akanivuta hadi kwenye baiskeli yake. Kile kipande cha tatu cha ziada, chenye dawa yako na alama nyekundu, alikishonea kwenye kiti bila kutuambia. Miezi hiyo hiyo minane amekikalia kwenda na kurudi Chake Chake, na mafuta ya Mama hakijayaona. Nimekikunja, nimekivuta, nimekitazama juani: hakina hata ufa. Una kipaji, mdogo wangu! Nimekifumua, kimo humu ndani, waonyeshe. Jecha sasa anakalia gunia.

Shangazi Bimkubwa na Mzee Nyange wanakusalimu sana. Mola akulinde na akufungulie milango.

Cha Mama nimekiacha pale pale bandani. Jana Ijumaa alipanda tena na chupa yake ya mafuta, na kigoda nilimshikia mimi.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Mwanakhamis