Neno la Daktari Halina Punguzo

Mpendwa mdogo wangu Salum,

Jicho langu la kushoto limekufa. Lilizimika kabisa Ramadhani iliyopita, hapa hapa Guangzhou, na halirudi. Nakuandikia hadharani kwa sababu tangu urudi Dar simu zangu hupokei, na kwa sababu wenzetu wengi huku bado wanaingia kwa daktari kama tulivyoingia mimi na wewe.

Unakumbuka Xintang, kwenye viwanda vya jinzi? Ulikuja hujui hata kuomba maji kwa Kichina, na mwaka haujaisha wenye karakana za jinzi wakawa wanakuita kwa jina. Mimi niliyeanza na meza ya mitumba Buguruni, hesabu nilikuwa nazo. Ulimi ulikuwa wako. Bosi wa karakana akitaja yuani themanini kwa suruali, huniambii themanini. Unacheka kwanza, unamgusa bega, mnabishana weee, ndipo unanigeukia: "Dada, hamsini na tano." Ndiyo kazi ya mkalimani wa soko: neno la kwanza la muuzaji halimfikii mnunuzi likiwa zima. Sijaona wa kukufikia. Kontena zangu zote zilijazwa na ulimi wako.

Kosa letu ni kuingia na ulimi huo huo hospitalini. Mwaka juzi, ukungu ulipoanza kunila pembeni mwa jicho, daktari aliongea kirefu, uso kaukunja. Ukacheka, ukambishia, ukanigeukia: "Presha ya macho kidogo tu. Chupa moja ya dawa, ikiisha basi."

"Mbona kaongea sana?"

"Si muuzaji tu huyo, dada! Ukimwachia atakuuzia duka zima."

Tukacheka mpaka kwenye metro. Chupa ikaisha, nikaacha.

Safari hii, jicho liliposhazimika, nilikwenda peke yangu, hospitali nyingine. Nesi akasukuma kigari chenye skrini, akabonyeza, akatokea humo kwenye skrini binti mmoja kajifunga mtandio, Kiswahili chake cha kwetu kabisa. "Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani. Kila kinachosemwa humu nitakisema. Siongezi, sipunguzi."

Nikamzoea upesi. Nikamnong'oneza: "Mwanangu, usimwambie kwamba dawa niliacha. Mwambie naendelea nayo." Akamfikishia daktari yote, na mnong'ono wenyewe humo humo! Nikawaka: "Kwani wewe uko upande wa nani?" Na hilo nalo akalifikisha. Daktari akacheka, nami nikajikuta nacheka.

Ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza, maneno mazima. Dawa ni kila siku, maisha yote. Kilichopotea hakirudi. La kulia bado linaokoleka. Nikajaribu bahati: "Muulize, mara tatu kwa wiki haitoshi?" Jibu likarudi kama lilivyotoka: "Daktari anasema, mama, hili si la kupatana."

Unanijua, sisifu ovyo. Lakini binti yule, aliyekaa sijui mji gani, ameniokolea jicho la kulia kwa kukataa kunifanyia wema. Uchungu ninao, siufichi. Nakagua mshono kwa jicho moja, na upande wa kushoto watu hunitokea kama wametoka ukutani. Ila najua ulinipunguzia kwa mapenzi, kama ulivyonipunguzia kila kitu katika mji huu.

Kwa hiyo sikuulizi uliambiwa nini siku ile. Nina swali jingine. Daktari alitaka kujua kama nina ndugu wa tumbo moja, na mkalimani akanifikishia lote: ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na unaweza kuwa nao usihisi chochote mpaka umeshakula jicho. Salum, umepima macho? Sitaki hadithi, sitaki "nitaangalia, dada". Ndiyo au hapana, kabla ya adhana ya adhuhuri Ijumaa hii. Na ukienda kupima, daktari akitaja neno lake la kwanza, lichukue hivyo hivyo.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja, ninayekusubiri na jicho langu lililobaki.