Bati Lenye Antena

Jumapili, Kapata. Jana jioni ilipiga mvua ya kwanza ya mwezi huu. Leo jua limetoka kama halikuwa limeenda popote, na mabati ya nyumba zote yanameta.

Nina furaha na nina hasira, na sijui nianze na ipi.

Furaha ina jina: Fabrice. Kila nikiandika "bwana yangu" bado natabasamu peke yangu kama mjinga. Unga tuliopewa arusini haujaisha. Mashemeji wananicheka kwamba namwangalia akila kana kwamba nimelipia tiketi.

Hasira nayo ina jina, lakini sitaliandika hapa. Ni ile kampuni iliyotuwekea interneti nyumbani.

Interneti ile ilikuwa zawadi ya Fabrice kwangu. Wakati wa uchumba nilimwambia mara moja tu, bila kulalamika, kwamba shajara hii ya mtandaoni naiandika nikiwa nimesimama nje ya duka la simu, kwenye vumbi, nikiiba mtandao wa watu. Yeye ni mchomelea vyuma kule Dilala, si mtu wa maneno mengi. Siku tulipotoka kanisani tukafika nyumbani kwetu, niliinua macho nikaona antena nyeupe juu ya paa, ya mviringo kama sahani mpya. Nililia mbele ya mashemeji wote. Kontra, mkataba wa mwaka mzima, alisaini yeye, kwa ajili yangu.

Halafu ardhi ikaanza kubomoka.

Mtaa wetu ulikuwa umekaa juu ya madini, kila mtu anajua. Watu walichimba nyuma ya nyumba, wengine wakachimba chini ya vitanda vyao wenyewe. Asubuhi moja choo cha jirani yetu, Mama Odette, kiliingia chini chote, ukuta na mlango, yeye akiwa njiani kwenda humo na ndoo mkononi. Tulipomaliza kumshukuru Mungu, wakaja watu wa kampuni ya mgodi na makopo ya rangi nyekundu. Msalaba kwenye kila ukuta. Mtaa sasa ni wa mgodi, wakasema, muondoke nyote, tingatinga inakuja. Kwetu walipaka msalaba kando ya dirisha, juu ya rangi ya bluu ambayo Fabrice aliichagua kwa sababu nguo niliyovaa siku ya kwanza aliponiona ilikuwa ya bluu.

Mjomba wake alitupa kona ya uwanja wake hapa Kapata: kuta nne, bila paa, bila mlango. Tulisema asante. Paa tungelihamisha letu. Mlango tungenunulia vyuma. Na kwa kuwa kampuni ile haifiki huku, nilikwenda buro, ofisini kwao, kukata kontra. Nilidhani ni kazi ya dakika chache.

"Mama, kontra ni ya mwaka muzima," dada wa kaunta akaniambia. "Mukiikata mbele ya wakati, munalipa penalite."

"Lakini hatuhame kwa kupenda, mama. Banatufukuza."

"Kwa mashine yangu antena yenu iko naitika. Kama antena iko naitika, nyumba iko."

"Iko leo. Wiki yenye kuya haiko."

"Basi mukuye wiki yenye kuya."

Nilimuuliza kama naweza kuleta antena mwenyewe. Hapana. Antena ina plomb, kile kifungo chao cha risasi, na fundi wao peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuigusa. Ikikatika, tunalipa na antena pia. Vizuri, nikasema, mtume fundi. Hapana tena. Mafundi hawaingii mtaa wetu, ni hatari, ardhi inabomoka.

Jamani!

Kampuni moja inaniambia sina nyumba. Nyingine inaniambia sina ruhusa ya kutoka ndani yake. Na hiyo penalite, hiyo faini, ilikuwa ndiyo pesa ya vyuma vya mlango wetu. Maharusi walale nyuma ya pazia, kwenye uwanja wa mjomba mwenye watoto wengi na masikio mengi! Nilipandisha sauti mle ndani, mlinzi akaja kusimama karibu yangu. Sijutii.

Ijumaa tulitoa paa. Kwetu bati haliachwi. Majirani wanakuja, mmoja anapanda, wengine wanapokea chini, na kila bati linaandikwa namba kwa makaa, ili huko liendako lipangwe vilevile na matundu ya misumari yakutane. Juu alipanda Tata Ilunga, mzee mwenye mdomo mkubwa kuliko ngazi yake.

"Bibi-arusi!" akaita alipofika kwenye antena. "Hii sahani, tukuwekee mo bukari?"

Watu wakacheka kuwazia ugali kwenye antena. Hata Mama Odette alicheka, yeye ambaye paa lake lilikuwa tayari limelala kwenye mkokoteni. Fabrice akapanda na ufunguo wake wa kazi, akainama kufungua bulo, zile bolti za antena, na mimi nikapiga kelele kutoka chini: "Usiguse plomb!"

Aligeuka, akaniangalia chini. Nyuma yake kulikuwa na mbingu tu.

"Basi tutoe tole nayo muzima, bibi yangu?"

"Muzima!"

Akarudisha ufunguo mfukoni, akaanza kung'oa misumari ya tole, lile bati lenye antena. Hakuniuliza kama nimerukwa na akili. Ndiyo maana niliolewa na huyu mtu.

Jana asubuhi tulilibeba hadi mjini, bati zima na antena yake juu, yeye mbele, mimi nyuma, mwendo uleule wa kutoka kanisani. Taxi-moto, zile pikipiki za abiria, zilitupigia honi kama msafara wa arusi. Mlangoni mlinzi akanyoosha mkono: "Mama, tole haiingie humu."

"Haiko tole, tata. Ni antena yenu."

Tuliliingiza kiubavu. Foleni yote ikabanana ukutani. Dada wa kaunta akaangalia mashine yake, antena haikuitika tena, akaangalia bati, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akainama, akakagua plomb kama anatafuta kosa kwenye jicho la mtoto. Nzima. Akaita kuelekea nyuma ya pazia, na fundi akatoka na kikombe cha chai mkononi. Fundi yuleyule asiyepatikana! Akafungua bulo zote kabla sijamaliza kufuta jasho.

Nikadhani imekwisha. Dada akasema mashine inataka sababu, na mashine inajua sababu tatu tu: kupenda, kazi ya mbali, kifo. Mbili za kwanza zina penalite. Ya tatu haina.

"Niandike kupenda, mama?"

Niliangalia bati. Msumari mmoja ulikuwa bado unaning'inia na kipande cha mbao ya nyumba yetu.

"Andika kifo."

"Nani alikufa?"

"Nyumba."

Kisha mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia. "Pole, mama," akasema. "Kilio iko wapi?" Nilifikiri ananidhihaki, na labda alianza hivyo. Lakini mwanamke wa nyuma yake akasema pole, na mwingine, kila mmoja akinipa mkono kama tuko kwenye mkeka wa msiba. Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Dada akamtazama mkubwa. Mkubwa akatazama bati lililojaza buro yake yote, akasema, "Andika, baende." Dada akaandika.

Penalite hatukulipa, kwa hiyo mlango utakuwepo. Fabrice anauchomelea kesho, na amesema utakuwa wa bluu.

Hasira haijaisha. Watu wa mgodi katika hesabu zao wameandika kwamba tumehama, kana kwamba tuliamka siku moja tukachoka na majirani. Katika mji huu mzima ni mashine moja tu inayosema kilichotokea kwetu, na ni ya watu wa interneti. Mama Odette hakuwa na interneti. Yeye nani alimpa mkono?

Leo asubuhi tumelipanga paa, na kwa mpangilio wa makaa bati la antena limeangukia juu ya kitanda. Matundu ya bulo yapo wazi, na sasa hivi jua linapita humo na kudondosha madoa madogo juu ya mto wa Fabrice. Ameuliza kama ayazibe leo.

Nimemwambia angoje mvua irudi.