Somo la Kwanza

Kwa kaka yangu mkubwa,

Bwana asifiwe, kaka, wewe na wifi na watoto wote. Kabla ya lolote nataka kujua mgongo wako unaendeleaje, maana wifi aliniambia bado unapanda nguzo za umeme kama kijana wa miaka ishirini, na umri huo uliuacha zamani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa hilo unalolijua. Cherehani inafanya kazi, paa la chumba cha kushonea halivuji tena, na mama anakula vizuri. Asubuhi hii amekunywa chai vikombe viwili, kisha akalalamika kwamba sukari ilikuwa kidogo. Ukisikia mama analalamika ujue ana nafuu.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimekupigia mara kadhaa nikakata kabla hujapokea. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu nami ningeanza kulia, wewe ungeanza kunibembeleza, na habari ingeishia hapo. Hujui kumkasirikia mtu anayelia. Safari hii nataka usikie yote kwanza, ukasirike baadaye.

Miaka miwili iliyopita macho ya mama yalianza kuingia ukungu. Tangu alipostaafu ualimu amekuwa msomaji wa somo la kwanza kanisani, na unamjua: akiruka neno moja anarudia sentensi nzima, ibada ikichelewa na ichelewe. Jumatano moja kikundi chetu cha maombi kilikutana kwenye chumba changu cha kushonea. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wake. Niliweka mikono juu ya macho ya mama, tukaomba mpaka sauti zikakauka. Wiki chache baadaye nilimkuta ameweka miwani kando, ameshika sindano yangu nyembamba kuliko zote, anatunga uzi. Uliingia mara ya kwanza. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Jumapili hiyo alitoa ushuhuda, na mimi nikasimama pembeni yake nimeinua ile sindano. Kanisa zima liliimba. Tangu hapo wakaanza kuniita Dada Jibu, eti ombi langu halirudi mikono mitupu. Watu walinisubiri mlangoni na wagonjwa wao. Wengine walileta nguo zisizo na kasoro yoyote ili tu wapate kuketi nami. Kwa mdomo nilizikataa sifa, lakini kaka, zilinikolea. Mtu ambaye maisha yake yote ameitwa fundi wa kupunguza suruali, siku moja akaitwa mtu wa Mungu, utamlaumu akinyoosha shingo kidogo? Mlaumu tu.

Haikupita miezi minane ukungu ukarudi, mzito kuliko wa kwanza. Mama aliniambia mimi peke yangu. Ndipo tulipoanza mambo ya Jumamosi. Nikishafunga kazi nilimsomea somo la kesho yake, sentensi moja moja, naye akarudia huku amekaa kwenye kigoda kando ya meza ya kukatia. Kichwa chake bado ni cha mwalimu. Saa moja ilimtosha. Kisha nilipita kanisani kama mtu wa kupanga maua, nikalaza uzi mzito kwenye ukurasa wa siku hiyo, ili kidole chake kijue pa kufungua. Kutoka benchi letu mpaka pale pa kusomea ni hatua kumi na moja na ngazi mbili, tulizihesabu pamoja. Alisoma bila kuyumba. Wakati mwingine alifunua ukurasa hata pasipo na haja, ili tu ipendeze. Tukirudi nyumbani tulicheka sana, Mungu anisamehe.

Tulikwenda hivyo miezi kumi. Halafu akafariki yule mzee aliyekuwa akigonga kengele, na Jumapili iliyofuata wafiwa walikaa mbele kabisa. Mama alikuwa amekwisha kusimama pale juu, kidole kwenye uzi, mchungaji alipomwomba aache somo lililopangwa na badala yake awasomee wafiwa zaburi moja, akaitaja namba. Simlaumu, hakujua. Nilimwona mama akiuacha uzi. Alifunua kurasa chache polepole, akarudi nyuma, akafunua tena. Mimi nilikuwa benchi la pili. Ningeweza kusimama nikaenda kumsomea. Sikusimama.

Akafunga Kitabu, akaweka viganja viwili juu yake, akasema kwa sauti ile ile ya kusomea: “Wapendwa, sioni. Kwa miezi kumi sijawasomea, nimekuwa nakariri. Binti yangu alitaka kunipeleka hospitali, mimi nikakataa kwa kiburi changu. Naomba mnisamehe.”

Mchungaji alimshika mkono akamrudisha benchini, kisha akaisoma zaburi mwenyewe. Baada ya ibada watu walinikumbatia mimi, wakanipa pole kwa kulea mama mbishi. Nikazipokea pole zile moja baada ya nyingine.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari wa macho, mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, anayeeleza jambo mpaka ulielewe. Alisema ni mtoto wa jicho. Akasema ugonjwa huo huwa unamdanganya mtu: kabla haujakomaa kuna kipindi macho huona vitu vya karibu vizuri kuliko zamani, hata miwani ya kusomea ikawekwa kando, halafu giza hurudi. Kwa hiyo siku ile mama alipotunga uzi, ugonjwa ulikuwa unaendelea na safari yake. Sijui nimweke wapi Mungu katika hilo. Nimemuuliza, bado hajanijibu. Jicho la kushoto limekufa, kaka, presha ilipanda ndani yake mpaka ikaua mshipa wa kuonea. Kama angeletwa ukungu uliporudi, upasuaji wa nusu saa ungeliokoa. La kulia litapasuliwa Alhamisi ijayo, na daktari ana matumaini nalo.

Jioni ile ukapiga simu, habari za kanisani zimeshakufikia. Ulimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, ukamuuliza ni imani gani hiyo ya mtu kujipofusha mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka ukamaliza, akajibu tu kwamba umesema kweli, mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, pasi mkononi, na nguo ya mteja ikaungua.

Kaka, mama hakukataa hospitali. Mimi ndiye niliyekataa. Aliniomba mara mbili nimpeleke. Mara ya kwanza ni ukungu uliporudi. Nikamwambia asubiri, tuombe tena, tusimwaibishe Mungu mbele ya watu waliosikia ushuhuda. Mara ya pili jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuuma na kuwa jekundu. Nikamwambia ni shetani anataka kutuibia ushuhuda wetu. Nilisema wetu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mlangoni pa hospitali, Dada Jibu anampeleka mama yake. Nilijiambia nalinda jina la Mungu, kumbe nalinda la kwangu. Mama akaenda kusema uongo mbele ya kanisa, yeye asiyewahi hata kuruka neno, ili jina hilo libaki safi. Naona aibu mpaka nashindwa kumtazama, ingawa najua hanioni vizuri.

Jana nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza yote. Uongozi wa kikundi nimeurudisha. Aliniambia kukiri mbele yake kumetosha, lakini nikamwomba Jumapili hii anipe nafasi nisimame pale mama aliposimama, niseme. Amekubali. Wewe nakuomba mambo mawili. Mpigie mama umwombe radhi kwa maneno yale, hasira yote uniletee mimi. Na kama kazi itakuruhusu, uwepo hapa Alhamisi, kitambaa kikitolewa jichoni auone uso wako.

Barua hii nimemsomea kabla ya kuifunga, maana sikutaka tena jambo linalomhusu limpite. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Nilidhani ataniambia niichane. Akaniambia nirudi pale nilipotaja alivyoniomba, nisome tena. Nikasoma.

“Umeandika mara mbili,” akasema. “Ni mara tatu. Mara ya tatu nilikuja kukuomba, ulikuwa umepiga magoti, umefumba macho, unaniombea. Sikutaka kukukatiza.”

Basi kaka, ni mara tatu.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Mama anawasalimu wote. Mungu akulinde huko juu ya nguzo, na akulete salama.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi