Baiskeli ya Tisa, ya Bi Koulsoum

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na Kiswahili changu unisamehe, maana huku kisiwani Nosy Be nyumbani tunasema Kimalagasi, hiki nilikipata Unguja nilipokuwa kijana nikijifunza ufundi wa baiskeli, na hapa sina wa kumweleza jambo hili bila mji mzima kulijua.

Mimi ni fundi baiskeli, nina miaka hamsini na miwili, na maisha yangu yote nimependa baiskeli za kampuni moja tu, Corvaline, hata mke wangu Echata husema zingekuwa na wazazi ningekwenda kuziposa. Kiwanda kilifungwa zamani, basi mwaka juzi nikaanza kuchora bango kubwa la rangi kwenye turubai, aina zote kumi na nne walizotengeneza, kila moja na breki zake na nembo yake, na nikajiwekea sharti kwamba sichori baiskeli ila niwe nayo mkononi wakati wa kuichora, nikaenda Mahajanga mara tatu kuwabembeleza watu wanifungulie stoo, na sasa kumi na tatu ziko tayari, watu wanakuja kuzitazama. Imebaki ya tisa, ya kike, ile ambayo fremu yake imeshuka ili mwanamke mwenye nguo ndefu apande bila taabu, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Hiyo ya tisa ninayo, mshauri, na si yangu. Ni ya Bi Koulsoum, Mngazija wa visiwa vya Komoro, fundi cherehani, jirani yangu nilipokuwa na kibanda Tsaramandroso kule Mahajanga, kila asubuhi alipita na vitambaa kwenye keria akapiga kengele mara mbili kunisalimu. Zikaja zile fujo za mwisho wa mwaka 1976, Wakomoro wakauawa, waliosalimika wakasafirishwa kwenda kwao, na siku ya kuondoka alikuja akiikokota baiskeli, mtoto mgongoni, akaniambia, "Djaffar, hii amana, mpaka nirudi." Nikamwambia inshallah. Nilipohamia huku Ambanoro, Nosy Be, nilikuja nayo, nikaifunika gunia, miaka mitano sikuigusa ila kuipaka mafuta.

Halafu maduka yakawa matupu, spea hakuna, akaja mwalimu cheni yake imekatika, nikasema namwazima cheni ya hii, nikipata nyingine nitairudisha, akaja mvuvi rimu zake zimekwisha kwa kutu, akaja mkunga anahitaji dinamo apate taa ya njiani, na baada yao wengine, huyu pedali, yule tandiko, na kwa kila mmoja nilijiambia nitarudisha, mpaka siku moja nikafunua gunia nikakuta fremu tupu na kengele.

Mwezi uliopita nimepata barua ya Nadjma, yule mtoto wa mgongoni. Mama yake amefariki Moroni, na hadi mwisho aliitaja baiskeli yake. Amesikia habari za bango langu, anauliza kama baiskeli bado ipo. Mshauri, mkono wangu uliandika "Ipo", na sasa anakuja baada ya Idi. Echata anasema niichore nzima kwa kuangalia katalogi, nimpe bango liwe zawadi, nimwambie baiskeli yenyewe imeibwa wiki hii, msichana atafurahi na marehemu haumii tena. Wiki tatu nimekaa mbele ya turubai. Nichore au nisichore?

Djaffar, Ambanoro

JIBU

Fundi Djaffar, barua yako nimeisoma mara mbili. Nimekuonea huruma, kisha nimekukasirikia, na hasira bado ninayo kidogo.

Shida ya spea naijua, na sisi huku tulifunga tairi kwa kamba. Sikulaumu kwa kuwafaa mwalimu, mvuvi na mkunga. Nakulaumu kwa kuwa ilipotoka ile cheni ya kwanza hukutuma hata salamu moja Moroni. Mwanamke aliyekupigia kengele kila asubuhi huenda angekwambia, toa, wape. Ulimnyima nafasi ya kusema hivyo, na sasa hayupo.

Amana haifi na mwenyewe, na wewe hilo unalijua kuliko mimi. Imehamia kwa warithi wake. Ukimwambia Nadjma baiskeli imeibwa, utakuwa umesema kweli, ila hukumtaja mwizi. Mkeo anataka kukusitiri, namwelewa, lakini mficha uchi hazai.

Leo hii, kabla hujagusa brashi, mwandikie Nadjma yote: cheni, rimu, dinamo, na lile "Ipo" lako. Ana haki ya kukasirika akiwa kwao, si kuja kuyajua bandarini. Muombe radhi yeye na ndugu zake, kwa maneno machache. Kisha wazungukie wote waliochukua uwaeleze vitu vile vilikuwa vya nani. Atakayeweza kukurudishia, mtafutie kingine. Asiyeweza, usimnyang'anye, kosa si lake, ila Nadjma akija mpeleke akakione. Fremu mrudishie, na kengele isafishe umkabidhi mkononi, umwambie mama yake alikuwa akiipiga mara mbili. Hilo halimo kwenye katalogi.

Na bango? Sharti umeliweka mwenyewe, huchori usichokishika. Basi mahali pa tisa chora ulichobakiza, fremu tupu, na kwingine kote paache peupe. Watu watasimama wakuulize mbona hii haina magurudumu. Wajibu wewe, Djaffar, kila watakapouliza. Usimwachie Echata.