Sanamu ya Bwana Zachariah

Ujerumani,
2 Machi 2006

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Mimi sijambo, ni mafua tu, na natumaini mgongo wako umetulia. Msalimie mjomba Mwololo.

Wiki hii hapa kituo cha wazee hatukufanya kazi ya maana. Kabla ya Kwaresima mji mzima hutoka barabarani, na watu wazima, Mwaitu, huvaa kama kuku! Sisi wa kujitolea tuliwapeleka wazee kutazama gwaride. Nilimsukuma bibi Hilde kwenye kiti chake saa tatu nzima, tukirushiwa peremende mpaka kofia yangu ikajaa. Alhamisi iliyopita wanawake walikata tai za wanaume kwa mkasi. Nilikata ya bosi wangu, naye akasimama tuli kama anayenyolewa.

Lakini malori ndiyo yaliyoniacha hoi. Juu ya kila lori kuna sanamu kubwa ya karatasi ya mkubwa fulani, pamoja na kosa lake. Tajiri mmoja aliyefunga njia ya watu ya kwenda mtoni aliwekewa pua ya nguruwe, ameikalia hiyo njia. Na mwenyewe alikuwepo! Alicheka kwa kulazimika, masikio mekundu, mji mzima ukimtazama.

Nilitamani ungeona.

Mwanao,
Kavutha


Kangemi,
25 Machi 2006

Mwanangu Kavutha,

Barua yako niliichukua kanisani jana. Mgongo ni ule ule. Mwololo ni mzima, lori lake ndilo linaloumwa. Kula vizuri, mkate si chakula.

Hayo ya kuku nimeyacheka. Ya pua ya nguruwe nimeyasoma mara nne. Unajua ninayemfikiria. Ni miaka miwili sasa tangu Bwana Zachariah ateremke kutoka Loresho kwa matajiri, akiwa na watu wenye nyundo, eti kibanda changu kimeingia kwenye ploti yake. Alivuta kiti changu cha kushonea, akakikalia, akanywa soda kwa mrija mpaka ubao wa mwisho ukaanguka. Kanzu za kwaya nzima zilikuwa ndani. Halafu akanipa chupa tupu niirudishe dukani. Nami nikairudisha, Kavutha! Kibanda naweza kusahau. Ile safari ya kurudisha chupa siwezi.

Siku hizi ni mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara. Juni watafanya gwaride mjini, malori yamepambwa, yeye jukwaani. Niandikie jinsi sanamu hizo zinavyotengenezwa. Usiruke kitu. Nataka aketi pale aone alichonifanyia, na watu wamwone akiona.

Mama yako,
Ngina


Ujerumani,
14 Aprili 2006

Mwaitu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima wa mwili, lakini yako nilianza kuisoma nikicheka na nikaimaliza nikiogopa. Hapa ukimdhihaki mkubwa, kesho yake mnakunywa bia pamoja. Huko kwetu unajua kesho yake huwaje. Huyo mtu ana watu wake, na wewe una Mwololo peke yake. Nakuomba uachane naye.

Lakini nakujua. Kwa hiyo: unda umbo kwa waya wa kufugia kuku. Chana magazeti, yachovye kwenye uji wa unga wa ngano, ubandike tabaka moja baada ya jingine. Kila tabaka likauke juani kwanza, la sivyo litaoza kabla ya siku yenyewe.

Sijui kwa nini nimekuandikia haya.

Mwanao,
Kavutha


Kangemi,
27 Mei 2006

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tu wazima, na mgongo nimeusahau kabisa.

Uji wa ngano panya wameupenda mno. Walimla Zachariah wangu wa karatasi shavu la kushoto, nikamrudishia. Amekaa kwenye kiti changu, chupa mkononi, mrija mdomoni, na chini ya miguu yake mbao zilizovunjika. Suti nimemshonea ya kitambaa cha pazia. Waringa anayeuza nyanya alikuja mara moja, akamtazama, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kuchana magazeti. Hakuniuliza ni nani. Lori la Mwololo limepona, naye atambeba kwenye gwaride kama lori la mafundi cherehani, tarehe 17 Juni.

Mungu anisamehe, sijawahi kushona kwa furaha hivi. Tangu siku ile namchukia mtu huyu kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Mama yako,
Ngina


Ujerumani,
8 Julai 2006

Mwaitu,

Hujambo? Tarehe 17 imepita na sijapata neno. Tafadhali niandikie hata mstari mmoja.

Kavutha


Ujerumani,
29 Julai 2006

Mwaitu,

Simu ya mjomba haipatikani. Mimi ndiye niliyekufundisha jambo hili. Kama wamekufanyia kitu, mwambie mtu yeyote aniandikie.

Mwanao


Kangemi,
12 Agosti 2006

Mwanangu Kavutha,

Nisamehe. Mimi ni mzima, na Mwololo ni mzima, simu aliiangusha kwenye ndoo ya maji. Nimekawia kwa sababu sikujua nikuambie nilishinda au nilishindwa.

Kenyatta Avenue watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Watu wetu wa Kangemi walitembea nyuma ya lori. Tulipofika jukwaani, Zachariah akasimama, nami nikajiambia, sasa. Akapiga makofi! Akashuka, akapanda kwenye lori, akaikumbatia sanamu apigwe picha. Nani mwingine alikuwa na sanamu siku hiyo? Alidhani tumemtukuza.

Kisha akauliza fundi ni nani, nikasukumwa mbele. Akanishika mkono. "Mama, hii kazi ni safi sana. Duka yako iko wapi? Nataka nikuletee kazi."

Hakunijua. Miaka miwili namchukia mtu, naye hajanikumbuka hata dakika moja. Hiyo ndiyo aibu iliyonizuia kukuandikia.

Nikamwambia, "Duka yangu ulivunja. Ilikuwa Jumanne. Ulikalia kiti yangu."

Akanitazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kweli kukumbuka. "Jumanne gani, mama?"

Nyuma yangu Waringa akasema, "Yangu ilikuwa Alhamisi." Mwanamume mmoja wa mtaa wa Satellite, ambaye simjui, akasema, "Yetu Jumamosi, tukiwa mazishi." Mwingine akasema Ijumaa. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu alitaja siku yake tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka bendi ikanyamaza. Zachariah hakuwa anacheka tena. Akaanza kuvuta mkono wake aondoke. Nikaushika kwa mikono miwili, na sikumwachia mpaka wa mwisho alipomaliza kutaja siku yake.

Mama yako,
Ngina