Mkono wa Joho Uliofumuliwa Mara Nne

Shoga, weka hicho kikombe chini usije ukapaliwa.

Unakumbuka mwalimu alivyomwambia kaka yangu, fundi cherehani, asimsifie bintiye kwa kuwa na akili, amsifie kwa bidii aliyoiona kwa macho yake? Mwezi mzima kasifia. Mtoto aliyekuwa akichana daftari la hesabu sasa anarudia mpaka apate. Sisi tuliitwa vichwa maji darasa zima likicheka, na mimi sijamsamehe mtu.

Sasa leo hakimu mpya, mama mmoja, kaja dukani kwa kaka kuchukua joho lake. Kesho anaapishwa.

Binti huyo, kwa sauti ya mnadani: "Hongera baba! Nimeona ulivyoufumua huo mkono mara tatu, hukukata tamaa!"

Hakimu: "Mara TATU?"

"Nne, ukihesabu ulivyoushona nyuma mbele!"

MARA NNE, shoga! Mbele ya hakimu!

"Nyamaza" ilikuwa imeshamfika kaka ulimini. Lakini akimfokea, kazi ya mwezi mzima inakwenda na maji, na daftari litachanwa tena.

Akaimeza hiyo "nyamaza". "Ahsante mwanangu. Umehesabu bila kuruka hata moja."

Hakimu akalivaa. Akanyanyua mkono kama anayekula kiapo, joho zima likapanda nao mpaka magotini.



Akalivua, akavuta kigoda, akaketi. "Fumua mara ya tano, fundi. Siondoki."

Binti akamtazama usoni kwa makini.

"Hongera mama hakimu. Nimeona unavyojitahidi usikasirike."